Mshipa, Tafu na Kano: Safari ya Majina ya Misuli hadi Nyamwage

Barabara ya kusini hutoka Dar es Salaam, ikapita Kibiti na Ikwiriri, ikavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, kisha ikafika Nyamwage, mahali inapochepuka njia ya kwenda Utete. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, mgonjwa wa upande huu wa mto aliyehitaji hospitali kubwa za Dar es Salaam alisubiri kivuko pale Ndundu, na mto ulipofurika alisubiri zaidi. Njia ya mgonjwa imefupishwa. Njia ya maneno yake, kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi ya rufaa, bado ni ndefu. Mkulima aliyeinama kutwa katika shamba la mpunga husema nyama za paja zimemkaza, au mshipa unamvuta kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, au mkono umekufa ganzi. Tabibu humsikiliza kwa Kiswahili, humuuliza kwa Kiswahili, humpapasa, halafu huandika kwa Kiingereza, na katika kuandika huko hupotea mengi. Upotevu huo umezoeleka kuelezwa kwa jibu jepesi, kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya mwili, hasa ya misuli ambayo kwa hesabu ya vitabu vya tiba inazidi 600. Nasema jibu hilo si la kweli, na shahidi wangu ni historia ya majina yenyewe. Kila lugha iliyowahi kuijua misuli kwa undani ilianza na maneno ya aina hii hii yanayosikika Nyamwage. Ilichofanya baadaye ni kuyachambua, ikalipa kila neno kazi moja na kuzuia mengine yasiiingilie. Kiswahili kina maneno. Kilichoachwa njiani ni uchambuzi.

Tuanze na neno linalolaumiwa kuliko yote, mshipa. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson wa Kamati ya Lugha, ililikuta neno hili limebeba mzigo mzito: mrija wa damu, neva, kano, na juu ya hayo maradhi kadhaa, yakiwemo ngiri na busha. Hata aibu Waswahili wameipa mshipa wake. Msomaji wa tiba akiona hivyo husema hii ni lugha isiyojua tofauti ya kitu na kitu. Lakini Wagiriki wa kale, ambao tiba ya Ulaya inawaheshimu kama wazazi wake, walikuwa na neno neuron, nalo lilikuwa na maana ya ukano na uzi wa upinde kabla halijawa na maana ya neva. Aristotle mwenyewe hakuwa na namna ya kuzitenganisha neva na kano. Ilibidi waje Herophilus na Erasistratus, waliopasua maiti za watu huko Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndipo ikajulikana kwamba nyuzi nyingine zinatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo zikipeleka hisia na mwendo, na nyingine zinafunga nyama kwenye mfupa tu. Neno halikutupwa. Lilipunguziwa mzigo, na maana zilizobaki zikapewa majina mengine. Waarabu nao walikuwa na asab, lililoshika neva na kano kwa pamoja, hadi waganga wao walipolichukua watar, yaani uzi wa upinde, kuwa jina la kano peke yake. Mshipa basi umesimama mahali pale pale ambapo neuron na asab ziliwahi kusimama, na sababu ni ile ile: mkono unaopapasa juu ya ngozi hukuta kamba, na kamba zote chini ya ngozi hufanana mpaka mtu azifungue.

Majina ya misuli yenyewe yana asili ya kawaida kabisa, tofauti na heshima wanayopewa leo wanaoyakariri. Kilatini kiliuita msuli musculus, panya mdogo, kwa jinsi unavyotuna na kukimbia chini ya ngozi mkono unapokunjwa. Msuli mkubwa ulio nyuma ya mguu, chini ya goti, unaitwa gastrocnemius, na kwa Kigiriki hilo ni tumbo la mguu, basi. Mswahili alipaangalia mahali hapo hapo akaona shavu, akasema shavu la mguu. Wengine wakasema tafu. Kati ya aliyeona tumbo na aliyeona shavu, sioni nani amemzidi mwenzake kwa elimu. Sartorius ni msuli wa fundi cherehani, kwa kuwa ndio unaokunja mguu akaao mkao wa fundi wa zamani. Biceps ni mwenye vichwa viwili, na deltoid ni wenye umbo la herufi ya Kigiriki. Diaphragma ni kiambaza kinachotenga, nasi tunakiita kiwambo, kitu kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, jina ambalo kwa maoni yangu linaeleza kazi yake vizuri zaidi, maana kiwambo hukazwa na kulegezwa, ilhali kiambaza husimama tu.

Uthabiti wa majina hayo ulichelewa sana, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Galen wa Pergamon, aliyewatibu wapiganaji wa uwanjani katika karne ya 2 na kuona misuli yao ikiwa wazi kwa majeraha, aliandika mengi juu ya misuli, lakini upasuaji wake aliufanya kwa nyani na wanyama wengine, na makosa yaliyotokana na hilo yalidumu zaidi ya miaka 1,000. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, alisahihisha mengi kwa kupasua maiti za watu, ila misuli mingi aliitambulisha kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyesukuma mbele desturi ya kuipa majina alikuwa mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, na miaka karibu 200 baadaye Bernhard Siegfried Albinus wa Leiden akachapisha, mwaka 1734, kitabu alichokiita historia ya misuli ya mwanadamu, kikitaja kila msuli na kuuelezea. Hata hivyo fujo haikwisha. Kufikia mwisho wa karne ya 19 yalikuwepo majina yapatayo 50,000 kwa sehemu za mwili zilizokuwa kama 5,000, kila shule na majina yake. Wataalamu walikutana Basel mwaka 1895 wakachagua orodha moja. Ikarekebishwa Paris mwaka 1955, na orodha inayotumika sasa ina msingi wake katika chapisho la mwaka 1998. Kwa hiyo mtu akisema Kiswahili hakifai kwa sababu kina maneno mawili matatu kwa kitu kimoja, ajue kwamba Ulaya ilikuwa na kumi kwa kitu kimoja, na madaktari wake walitibu hivyo hivyo huku wakichambua.

Pwani yetu haikuwa nje ya historia hii. Vitabu vya Galen vilifasiriwa Baghdad katika karne ya 9 na Hunayn ibn Ishaq na wanafunzi wake, kwa Kisiria na Kiarabu. Ibn Sina aliipanga elimu hiyo katika Qanun yake mwanzoni mwa karne ya 11, akiweka misuli katika kitabu cha kwanza pamoja na mifupa, neva na mishipa ya damu. Mabaki ya tiba hiyo yamo vinywani mwetu mpaka leo. Balghamu ilitoka kwa Wagiriki ikapitia kwa Waarabu. Safura ilikuwa nyongo ya manjano kabla haijawa jina la upungufu wa damu uletwao na minyoo. Na maumivu ya viungo na misuli tunayoyaita baridi yabisi yamebeba nadharia nzima ndani ya maneno mawili, kwamba mwili umeingiwa na baridi na ukavu, vitu viwili kati ya vinne ambavyo tiba ya zamani ilivipima kwa kila mgonjwa. Nadharia imepitwa na wakati, jina limebaki na linafanya kazi. Mtu wa Kibiti akisema ana baridi yabisi, mtoa huduma anajua mara moja aanzie wapi kumuuliza.

Chanzo kingine hakikuandikwa vitabuni, nacho ndicho kilichozaa maneno mengi zaidi: machinjio, jiko na mikono ya wachuaji. Anayechinja na kugawa nyama anaijua sarara iliyolala kando ya uti wa mgongo, anakijua kidari, anajua mnofu ni upi na kano ni ipi, kwa kuwa kano haitafuniki. Mchuaji anajua mahali msuli unapofunga fundo, na anajua kuchua hakufanani na kukanda. Mkunga anayajua maungo ya nyonga kwa vidole. Kazi za bonde la Rufiji, kulima kwa jembe la mkono, kupiga kasia, kubeba mizigo, zimewapa watu nafasi ya kutosha ya kujua msuli uliokaza, uliovutika, uliolegea, uliokufa ganzi, uliokakamaa na uliosinyaa. Tazama kwamba maneno haya mengi ni vitenzi. Elimu ya maiti hutaka majina, kwa sababu maiti hatembei. Mwili unaofanya kazi hutaka vitenzi, na kwa vitenzi vya misuli Kiswahili ni tajiri kwelikweli: kukaza, kukakamaa, kupooza, kulegea, kunyong'onyea, kutetemeka, kuvuta, kubana, kutuna, kusinyaa. Tabibu anayetafuta ugonjwa wa misuli huanza na vitenzi hivi hivi, kisha ndipo ajiulize ni msuli upi.

Kwa nini basi uchambuzi ulikwama? Nadhani jibu limo katika mgawanyo wa kazi uliofanywa na serikali, kwanza ya kikoloni na baadaye ya kwetu. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ilishughulika na tahajia, vitabu vya shule na kamusi ya jumla. Tiba haikuwa shabaha yake. Baada ya uhuru Kiswahili kilipewa nafasi kubwa: Baraza la Kiswahili liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaanza kutoa orodha za istilahi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, minyoo na kifua kikuu, yote kwa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika kwamba lugha imeshindwa. Lakini Chuo cha Udaktari kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 kilifundisha kwa Kiingereza, na shule za sekondari vivyo hivyo. Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie kwenye Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni mnyororo uliokatika katikati. Mtoto wa Nyamwage hujifunza darasani mfumo wa misuli, misuli ya hiari na isiyo ya hiari, na msuli wa moyo. Akiingia kidato cha kwanza huambiwa ayaache hayo aanze upya kwa lugha nyingine, na akiwa mtaalamu hurudi kuzungumza na mama yake mzazi kwa maneno ya darasa la tano. Kamusi ya Tiba ilitolewa na Taasisi mwaka 2003, kazi ya thamani kubwa, lakini kamusi ya fani isiyofundishwa kwa lugha yake hukosa wasomaji wa kuitumia, kuikosoa na kuirekebisha, mambo ambayo orodha ya Basel iliyapata kila mwaka katika vyuo vya Ulaya.

Hapo hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Tiba ni elimu ya dunia nzima. Daktari wa Utete akimwandikia mwenzake wa Muhimbili, au wa India, lazima waelewane, na Kilatini kilichovaa Kiingereza kinawaunganisha. Nakubali kabisa kwamba jina la kimataifa linahitajika kwenye karatasi ya upasuaji. Ila majina ya kimataifa hayakushuka yakiwa kamili. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ya ajabu ilizuka kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa Makonde, ikiwakunja wagonjwa kwa maumivu ya viungo na misuli hata wasiweze kunyooka. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walioieleza katika maandishi ya mwaka 1955 walichukua jina lililotumiwa na wenyeji, chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza huko kukunjamana. Leo neno hilo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mwaka 1938 Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla huko Kwango, Kongo, akatumia jina la Wayaka, konzo. Ugonjwa huo ulipolipuka Tarime mwaka 1985, miongoni mwa watu waliokula mihogo michungu isiyoondolewa sumu vya kutosha, wataalamu waliuchunguza na kuuandika kwa jina hilo la Kongo. Waganda walishuhudia mwaka 1959 ugonjwa wa o'nyong'nyong, jina la Kiacholi. Maneno haya matatu yote yanahusu mwili unaoshindwa kusimama na kutembea, na yote yametoka katika lugha za Kibantu na za Kiniloti ambazo hazikuwa na kitivo hata kimoja cha tiba. Yalikubaliwa kwa sababu yalieleza kwa usahihi kile ambacho macho yaliona.

Pingamizi la pili ni kwamba maneno ya wenyeji yanaweza kuua, na mfano unaotolewa ni degedege. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wengi walitenga degedege na malaria. Mtoto akikamatwa na mitukutiko ya misuli alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, na muda ukapita. Ni kweli, na watoto walikufa. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Neno lilieleza dalili barabara: misuli ya mtoto inakaza na kuachia bila hiari yake. Kilichopotoka ni maelezo ya sababu. Pepopunda nalo limebeba pepo ndani yake, na bado ndilo jina tunaloandika kwenye kadi za chanjo, wala hakuna mama anayekataa chanjo kwa ajili hiyo. Na ushahidi mwingine upo ng'ambo ya mto tu kutoka Nyamwage. Tangu mwaka 1998, katika kata za Ikwiriri, Kibiti, Bungu na jirani zake, watafiti walianza kuandikisha kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa, kati ya watu wapatao 85,000. Kwa kuwa wengi hufia nyumbani bila cheti cha daktari, wahojaji waliketi na wafiwa wakauliza kwa Kiswahili: shingo ilikakamaa? Mtoto alinyonya siku za kwanza kisha akashindwa, mwili ukawa mgumu? Alipooza upande mmoja? Kutokana na majibu hayo madaktari walikadiria chanzo cha kifo, na kutokana na makadirio hayo halmashauri ilipanga fedha za afya. Kichanga aliyenyonya siku mbili kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akaacha, akakakamaa, ana alama za pepopunda. Hakuna kipimo cha maabara kinachozidi maelezo hayo, nayo yametolewa na bibi yake kwa vitenzi vyake mwenyewe.

Wako pia wanaosema istilahi zilizotungwa ofisini hazishiki kwa watu, na hapa nakubaliana nao kwa nusu. Yale yaliyotungwa kwa kufuata neno la Kiingereza silabi kwa silabi mara nyingi hufa. Yaliyookotwa kwa wasemaji yameishi: kano, kiwambo, nyama za paja ambazo waandishi wa michezo huzitaja kila wiki mchezaji anapoumia. Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko, katika kiongozi chao cha uundaji wa istilahi cha mwaka 1992, waliweka misingi ya kazi hii, na kilichobaki ni kuipeleka kwenye zahanati ambako maneno yanatumika kwa hali ya dharura.

Huko ndiko mshipa unakohitaji kuchambuliwa kwanza, kwa sababu ya ugonjwa wa mahali penyewe. Rufiji na delta yake ni nchi ya mbu na ya matende. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kuzuia matende na mabusha ulianzia Mafia, kisiwa kinachoitazama delta, mwaka 2000. Mwanamume akija na kusema ana mshipa, huenda ni busha, maji yaliyojaa katika mfuko wa pumbu, ambalo linaweza kungoja zamu ya upasuaji. Huenda ni ngiri, yaani utumbo uliopenya mahali ukuta wa misuli ya tumbo ulipolegea, nayo ikikaba, utumbo ukikosa damu, mtu hufa kwa muda mfupi. Huenda ni neva iliyobanwa mgongoni, au kano iliyochanika shambani. Kumfundisha mgonjwa neno la Kilatini hakutasaidia, na kulipiga marufuku neno mshipa hakuwezekani. Mwanafunzi wa utabibu afundishwe, kwa Kiswahili na mapema, kuuliza ni mshipa wa namna gani: unaopiga, unaovuta, unaochoma kama moto, au uliovimba, na ukiwa umevimba, je, mgonjwa akilala chali uvimbe hurudi ndani, na kama ulikuwa ukirudi, leo umekataa tangu saa ngapi?